Sala ya Macho Wazi

Siri ya mama niliigundua nikiwa na miaka minane. Tulikuwa jikoni asubuhi, baba anasali, nami nikafumbua jicho moja nione kama kaka yangu naye amefumba. Amefumba. Baba naye amefumba. Mama macho kodo, anaangalia sufuria ya maziwa. Yalipoanza kupanda akanyoosha mkono, akavuta ukuni mmoja nyuma, kisha akaitikia "Amina" kama sisi wengine. Baadaye nikamshitaki kwamba yeye hafumbi macho wakati wa sala. Aliniuliza swali moja tu: "Na wewe ulijuaje?"

Hapo ni Marangu, miaka ya 1970. Kihamba chetu kilikuwa kidogo: migomba juu, kahawa kivulini mwake, magimbi kando ya mfongo uliotuletea maji kutoka mlimani, na ng'ombe mmoja bandani ambaye maisha yake yote hakujua malisho. Chakula aliletewa. Mama na wenzake waliteremka hadi mashamba ya chini kukata majani, wakapanda tena mlima wote ule na mizigo kichwani, wakiimba nyimbo za kanisani pale pumzi iliporuhusu. Kwenye mwinuko mkali ubeti ulikatika, ukaendelezwa mbele pakiwa tambarare. Mpaka leo kuna nyimbo ambazo nikizisikia zikiimbwa mfululizo naona kama zimekosewa.

Kibo, kilele cha mlima wetu, watu wanaisafiria kutoka Ulaya kuja kuitazama. Mama aliitazama kila alfajiri, kabla mawingu hayajaifunika, ili ajue kama kahawa itakauka. Sikumsikia akiusifu mlima ule hata siku moja. Ila kwetu jina la Mungu ni Ruwa, na ruwa ni jua pia. Wamisionari wa Leipzig, waliofika Machame mwaka 1893, walilikuta jina hilo na hawakulitupa, wakahubiri nalo. Basi mama akitoka nje, akitazama juu, akisema kwa Kichagga kwamba ruwa limetoka, mtoto huwezi kujua kama anasema hali ya hewa au anashukuru. Nadhani mwenyewe hakuona haja ya kuchagua.

Kahawa ndiyo iliyotusomesha. Tulichuma zile nyekundu tu, jioni tukazipitisha kwenye mashine ya mkono, zamu kwa zamu, mpaka bega linawaka. Punje zililala ndani ya pipa siku mbili tatu ziache utelezi. Namna ya kujua kwamba zimeiva kuoshwa mama alinifundisha kwa mkono: unazichota kiganjani, unazisugua. Zikiteleza, bado. Zikilia kama changarawe, tayari. Aliukaza mkono wangu ndani ya mkono wake, akausogeza sikioni pangu. "Umesikia?" Nilisikia. Nimesikiliza mahubiri mengi tangu hapo, mengine ya watu wasomi sana, na ni machache niliyoyaelewa vizuri namna ile.

Mwaka 1975 baridi kali iliunguza kahawa ya Brazil, na shida yao ikawa neema kwetu. Miaka miwili iliyofuata bei ilipanda kuliko wazee walivyowahi kuona. Baba akang'oa nyasi, akaezeka mabati. Tulijiona matajiri hadi mvua ya kwanza iliponyesha wakati wa sala ya jioni. Ikabidi baba asali kwa kupiga kelele, sisi tukicheka ndani ya viganja.

Lakini kahawa ilipopanda bei, na maji yalipanda. Mila yetu humrithisha kitindamimba nyumba ya baba yake, kwa hiyo baba mdogo alikaa kwenye kihamba cha babu, juu yetu, na mfongo ulipita kwake kwanza. Kiangazi cha 1977 zamu yetu ilifika usiku mmoja na maji hayakufika. Baba akapanda na taa ya chemli, akakuta yamegeuzwa. Sitayaandika waliyoambiana. Miezi miwili ndugu wale wawili waliketi kanisani, mmoja upande huu, mmoja upande ule, matarumbeta yanapigwa katikati yao. Meza ya Bwana ilipoandaliwa, baba hakwenda. Baba mdogo hakwenda. Mama alikwenda peke yake, akarudi, akapika kiburu, hakusema neno.

Jioni moja ya Novemba tulikuwa tunaosha kahawa. Mbwa akabweka mara moja akanyamaza, kwa hiyo tukajua ni mtu wa nyumbani. Baba mdogo alisimama penye ukingo wa mwanga, mzee wa kanisa nyuma yake, mkononi kashika tawi la isale, jani lake moja limefungwa fundo. Mtoto yeyote wa Kichagga anajua maana yake. Anayeletewa isale na aliyemkosea halikatai. Anaweza kuwa na hasira, lakini halikatai. Baba alikuwa ameinama pipani, mikono imelowa hadi viwiko. Hakuinuka upesi. Alitikisa mikono, akaifuta kwenye suruali, mbele na nyuma, kwa muda ambao mimi niliuona kama saa nzima, kisha akapokea.

Mama alikuwa mlangoni. Midomo yake ilikuwa inacheza, macho yako wazi, yanawatazama wote wawili.

"Shemeji, karibu kiti," akasema.

Jumapili ile walipiga magoti bega kwa bega. Baada ya ibada ukaja mnada wa sadaka, maana wasio na fedha taslimu walitoa mayai, miwa, kuku, na vyote vikauzwa pale nje. Baba mdogo alikuwa ametoa mkungu wa ndizi mshare. Baba akaupandia bei, mtu mwingine akapanda, baba akapanda tena, mpaka mnadishaji mwenyewe akasita. Aliubeba begani kurudi nyumbani, akapita nao kwenye vihamba vya watu vilivyojaa ndizi hizo hizo, hadi kwetu tulikokuwa na mikungu sita inayongoja kukatwa. Fedha ile ilikuwa ya sukari. Mama alimnunia hadi Jumatano.

Isale baba hakulitupa. Kesho yake baada ya kulipokea alilichomeka ukingoni mwa mfongo, likashika. Baba na baba mdogo wote wawili wamezikwa kihambani. Mfongo umekauka siku nyingi, siku hizi tuna bomba. Isale limenipita urefu.