Nasaha kwa Mpwa wa Kibagabaga Juu ya Pikipiki Yake

Biryogo, Nyamirambo, Kigali

Kwa mpwa mpendwa,

Habari imefika Biryogo kwamba mpwa amenunua pikipiki ya petroli iliyokwisha tumika, aina ya TVS HLX 125, kwa safari zake mwenyewe na kwa kuwapelekea wateja mizigo midogo kati ya Kibagabaga, Kimironko na Remera, na kwa kuwa chombo cha kwanza cha kijana huwa kimebeba akiba yake yote, si haki mjomba anyamaze. Hoja ya barua hii ni kwamba kuilinda pikipiki na wezi na kuitunza mashine yenyewe, mambo ambayo watu huyagawa mawili wakamwachia muuza kufuli moja na fundi jingine, ni kazi moja, kwa sababu mianya anayoitafuta mwizi mara nyingi ni ubovu ambao mwenye pikipiki aliujua na kuuahirisha.

Mwizi wa pikipiki haibi kwa kuwa amekipenda chombo. Anaiba kwa sababu anamjua mnunuzi. Njia zake ni mbili, ama kuiuza nzima kwa mtu asiyeuliza maswali, ama kuivunja na kuiuza vipande vipande kama vipuri, na kwa hiyo ulinzi wa kwanza hauko kwenye chuma bali kwenye namba. Kila pikipiki ina namba ya chesisi, yaani mfululizo wa herufi na tarakimu uliogongwa kwenye fremu, kwa kawaida kwenye shingo ambamo usukani huzungukia, na kwa kanuni ya kimataifa mfululizo huo huwa na alama 17. Tena ina namba ya injini iliyogongwa kwenye kasha la injini yenyewe. Namba zote mbili hazina budi kulingana na zile zilizoandikwa katika kadi ya njano, ambayo ndiyo hati ya chombo inayojulikana na kila mwenye gari au pikipiki nchini Rwanda. Ikiwa mpwa hajazilinganisha, na azilinganishe leo kwa macho yake na mchana wa jua, akipapasa kwa kidole kuona kama chuma kimekwanguliwa kwa tupa au kupakwa rangi mpya mahali hapo tu. Kisha ahakikishe kwamba umiliki umehamishiwa jina lake katika Mamlaka ya Mapato ya Rwanda, maana wako wanaoridhika na karatasi ya mauziano iliyotiwa saini mbele ya mashahidi, na siku chombo kinapopotea wanagundua kwamba mwenye haki ya kukidai, kwa mujibu wa rejesta, ni mtu aliyekwisha kuhama mtaa.

Namba za chesisi na injini humzuia anayetaka kuiuza pikipiki nzima, lakini hazimzuii mvunjaji, kwa kuwa tangi, rimu, shokapu na vifuniko vya pembeni havina namba. Nchini Uingereza watengenezaji walianzisha mwaka 2013 mpango wa kuweka alama za siri, nyingine ndogo zisizoonekana kwa macho matupu, kwenye sehemu nyingi za pikipiki mpya, ili hata kipande kimoja kiweze kurudishwa kwa mwenyewe. Mpwa hahitaji teknolojia hiyo. Kalamu ya chuma ngumu inatosha kuchora tarakimu chache za mwisho za namba ya chesisi chini ya tangi, ndani ya rimu na nyuma ya vifuniko, na picha za alama hizo, pamoja na picha za kila mkwaruzo na kila kasoro inayoitambulisha pikipiki hiyo, zihifadhiwe mahali pengine kuliko simu ileile anayoifunga kwenye usukani.

Baada ya namba ndipo huja swichi, yaani tundu la ufunguo linalowasha umeme wa injini. Katika pikipiki nyingi swichi hiyohiyo ndiyo yenye komeo la usukani, pini ya chuma inayochomoza na kuuzuia usukani usinyooke, na kifaa hiki kimewekewa hata kanuni ya Umoja wa Mataifa, Kanuni Namba 62, inayohusu ulinzi wa vyombo vyenye usukani wa mikono dhidi ya kutumiwa bila idhini. Komeo hilo ni jema, lakini ni dogo, na mtu mwenye nguvu anaweza kulivunja, hivyo lihesabiwe kuwa ni kikwazo cha kwanza tu. Lililo baya zaidi ni swichi iliyolika. Pikipiki iliyotumika kwa miaka, yenye ufunguo uliotiwa na kutolewa mara nyingi kila siku katika vumbi, hufikia hali ambapo vibao vidogo vya ndani vimekwisha na ufunguo wowote unaofanana unaizungusha, na mwenyewe huzoea akaona ni jambo la kuchekesha. Ikiwa ufunguo wa mpwa unaweza kuchomolewa injini ikiwa inaunguruma, swichi hiyo imekufa, na kuibadilisha yote pamoja na funguo zake ni gharama ndogo mno ikilinganishwa na kufuli lolote atakalouziwa.

Kuhusu kufuli lenyewe, kanuni ni kwamba hakuna kisichokatika. Kinachonunuliwa ni dakika, na mwizi huzihofia dakika kuliko kitu kingine. Mnyororo wa chuma kilichoimarishwa kwa moto, wenye pete nene ambazo mkasi wa chuma wa kawaida hauwezi kuzimeza, upitishwe kwenye gurudumu la nyuma na fremu, kisha uzungushwe kwenye kitu kisichong'oka, kama nguzo iliyochimbiwa au pete iliyojengewa kwenye zege. Usilale chini, kwa sababu mnyororo unaogusa ardhi humpa mwizi mahali pa kuupondea kwa nyundo, na tundu la kufuli lielekee chini ili mvua na vifaa vya mwizi vipate shida kulifikia. Kufuli la diski, lile dogo linalobanwa kwenye sahani ya breki, ni rahisi kubeba, lakini pikipiki nyingi za aina hii zina breki za ngoma, ambazo viatu vyake hujifungua ndani ya kitovu cha gurudumu, na hazina sahani ya kufungia. Wapo waliolinunua kabla ya kuangalia.

Kuna desturi nyingine isiyogharimu hata faranga moja, nayo ni kufunga koki ya mafuta, ule mkono mdogo chini ya tangi unaoruhusu petroli kushuka kwenye kabureta, pale ambapo pikipiki ina koki ya namna hiyo. Mwizi akiiwasha ataondoka kwa mafuta yaliyobaki ndani ya kabureta, na injini itamzimikia akiwa hajafika mbali; hapo wengi hukitupa chombo na kukimbia. Koki iliyofungwa pia huzuia petroli kuvuja polepole hadi ndani ya injini na kuichafua oili, na hapo ulinzi na utunzaji vinakutana katika mkono mmoja mdogo.

Wizi wa mchana una sura yake. Mbele ya Hospitali ya Kibagabaga, au pembeni mwa soko la Kimironko, mpeleka mizigo husema anashuka mara moja tu, akaacha ufunguo mahali pake, na mara nyingine injini ikiwa inawaka. Mpwa na ajizoeze kwamba mkono unaotoa mzigo hautangulii mkono unaotoa ufunguo. Usiku, pikipiki ilale ndani ya ua uliozungushiwa ukuta na wenye lango, na ikiwa amepanga chumba cha uani pamoja na wapangaji wengine, lango linaloachwa wazi kwa ajili ya anayechelewa lisihesabiwe kuwa ni lango. Doria ya usiku ya mtaa, inayoitwa irondo kwa Kinyarwanda, ina manufaa kwa yule tu ambaye walinzi wake wanamjua. Kwa hiyo mchango wa usalama ulipwe kwa wakati, na siku ya umuganda, Jumamosi ya mwisho ya mwezi, mpwa aonekane akiwa na jembe mkononi, kwa maana mlinzi anayejua pikipiki ni ya nani atashangaa kumwona mtu mwingine akiisukuma saa nane za usiku.

Sasa utunzaji. Kigali ni mji wa vilima, na Kibagabaga ni mteremko na mwinuko, kwa hiyo sehemu zinazoumia kwanza ni breki, cheni na klachi, na hapo ndipo barua hii itakaa kidogo. Wako waendeshaji wanaoteremka kilima kwa gia huru, wengine wakizima injini kabisa ili kuokoa petroli. Akiba hiyo ni ya uongo. Injini iliyo ndani ya gia ndogo huishikilia pikipiki isikimbie, na ikikosekana, kazi yote huangukia breki za ngoma, ambazo zikipata joto jingi hupungua nguvu ya kushika, hasa pikipiki ikiwa na mzigo. Tena anayezungusha ufunguo akiwa mwendoni yuko karibu mno na nafasi ya komeo la usukani, na swichi iliyolika, ile iliyotajwa hapo juu, inaweza kuipita nafasi ya kuzima bila kutarajiwa. Chombo kile kile cha kuzuia wizi kinageuka kuwa cha kuua.

Cheni inahitaji mambo mawili, usafi na ulegevu wa kiasi. Isafishwe kwa mafuta ya taa na brashi laini, si brashi ya waya inayokwaruza, ikaushwe kwa kitambaa, kisha ipakwe oili nzito ya gia kwa upande wa ndani, jioni baada ya safari wakati chuma bado kina joto, ili oili iingie usiku kucha. Ulegevu wake, yaani kiasi ambacho sehemu ya chini hupanda na kushuka ikisukumwa kwa kidole, uwe karibu milimita 20 hadi 30, au kama kitabu cha mtengenezaji kinavyoagiza. Cheni iliyokazwa mno hula beringi, na iliyolegea huruka meno. Meno ya gia ya mbele na ya nyuma yakianza kupinda kama kulabu, cheni na gia zote mbili zibadilishwe pamoja, kwani cheni mpya juu ya meno mabovu huharibika upesi. Katika misimu ya mvua, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Desemba, tope jekundu huosha oili yote kwa siku moja, na ratiba ya kiangazi haifai.

Oili ya injini ya pikipiki ya mipigo minne hufanya kazi tatu, kulainisha injini, kulainisha gia na kuiogesha klachi, ambayo sahani zake hukaa ndani ya oili hiyohiyo. Kwa sababu hiyo oili ya gari yenye viungo vya kupunguza msuguano huifanya klachi iteleze, injini ikapiga kelele mlimani bila pikipiki kupanda, na mwenyewe akadhani injini imechoka. Atumie oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA, aipime pikipiki ikiwa imesimama wima, na aibadilishe mapema kuliko kitabu kinavyosema ikiwa anabeba mizigo katika vumbi. Chujio la hewa vilevile. Matairi yapimwe upepo asubuhi kabla ya joto.

Fundi awe mmoja, na kwake kuwe na daftari la tarehe, kilomita na kilichobadilishwa. Kila kipuri kikibadilishwa, cha zamani kirudishwe mkononi mwa mpwa akione. Anaponunua vipuri, iwe Gatsata au kwingine, adai risiti, na kipuri cha bei ya ajabu akiache hapo kilipo, kwa sababu anayekinunua ndiye yule mnunuzi ambaye mwizi alimjua tangu mwanzo, na sheria ya Rwanda haimwadhibu mwizi peke yake bali pia anayeficha kilichoibwa.

Vijana watamwambia kwamba petroli imepitwa na wakati, na kwa kiasi wana haki: kampuni ya Ampersand ilianza kuendesha pikipiki za umeme Kigali mwaka 2019, zikibadilishiwa betri vituoni, na tangu Januari 2025 pikipiki mpya zinazosajiliwa kwa kubeba abiria mjini zinatakiwa ziwe za umeme. Mpwa akihamia pikipiki ya umeme, oili ya injini na plagi zitaondoka. Breki, matairi na kufuli vitabaki.

Bima ya lazima hulipia madhara wanayopata watu wengine, wala hailipi pikipiki iliyoibwa, kwa hiyo aulize bei ya bima ya wizi kabla ya kulipia tena. Na ikitokea kweli imeibwa, apige 112 papo hapo, aandikishe shauri katika kituo cha Ofisi ya Upelelezi ya Rwanda, RIB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2017, akiwa na kadi ya njano, picha na daftari la fundi, kisha amjulishe kiongozi wa umudugudu, yaani mtaa wake, na fundi wake. Asiifukuze mwenyewe usiku. Akipigiwa simu na mtu anayeomba fedha ili amwoneshe ilipo, asitume kitu. Namba ya mpigaji aipeleke kwa mpelelezi.

Ni mjomba wake,
Biryogo