Kigali: Mji wa Vilima na Hazina ya Chunguni

Msafiri aingiaye Kigali kwa barabara ya kaskazini, ile itokayo Musanze, hushuka milima kwa mizunguko mingi mpaka afike bondeni Nyabugogo, kilipo kituo kikuu cha mabasi. Kabla hajauona mji wenyewe huwa amekwisha kuyaona magunia ya viazi mviringo. Viazi hivyo hulimwa Musanze, Burera, Nyabihu na Rubavu, katika udongo mweusi wa volkano chini ya milima ya Virunga, kisha huteremshwa kwa malori kuja kuulisha mji uliojengwa juu ya vilima, kiasi cha mita 1,500 kutoka usawa wa bahari.

Kutoka Nyabugogo kupanda hadi Nyarugenge kwa miguu ni kazi ya misuli hasa. Askari aliyezoea gwaride la uwanja tambarare atahema. Wenyeji hupanda wakiwa na mizigo, tena wakizungumza. Katika kila hatua ya mpando huo, na katika kila pigo la moyo linalozidi kwenda mbio, kuna madini yanayofanya kazi bila kuonekana, nayo ni potasiamu. Mwingereza Humphry Davy ndiye aliyeyatenga madini hayo mwaka 1807, kwa kupitisha umeme katika potashi, yaani chumvi itokanayo na majivu. Mabibi wa zamani katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki na Kati waliyajua majivu hayo mapema zaidi, kwani waliyachuja kwa maji na kuyatia katika mboga, ingawa hawakuwa na haja ya kuyapa jina la Kilatini.

Kazi ya potasiamu mwilini ni kuiwezesha misuli ikaze na kulegea, mishipa ya fahamu ipeleke habari, na moyo upige kwa mpango. Zaidi ya hayo huusaidia mwili kutoa chumvi iliyozidi kwa njia ya mkojo, na kwa hiyo hupunguza shinikizo la damu. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2012 kwamba mtu mzima apate angalau miligramu 3,510 kwa siku kutoka katika chakula chake, huku chumvi ya mezani isifike gramu 5, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai. Watu wengi hufanya kinyume: chumvi tele, na potasiamu haba.

Je, mtu wa kawaida aipate wapi? Jibu lake limepangwa mafungu mafungu katika soko la Kimironko, upande wa mashariki wa mji. Pale yapo maharage ya kila rangi, ambayo wenyeji huyaita ibishyimbo. Ipo mikungu ya ndizi za kupika na vichane vya imineke, ndizi mbivu tamu. Yapo maboga, viazi vitamu, nyanya, maparachichi makubwa yang'aayo, na mafungu ya mchicha uitwao dodo. Mgeni atokaye Tanzania au Kongo hatapotea, kwani Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, na katika mtaa wa Nyamirambo kimesemwa tangu zamani. Ajabu ni kwamba karibu kila kitu alichokitaja mwuzaji hapo kina potasiamu ya kutosha, wala si chakula cha wenye fedha peke yao.

Saa za mchana ukweli huo huonekana wazi zaidi katika vile vyumba vya chakula viuzavyo melanji. Huko mlaji hupewa sahani moja, akaruhusiwa kujipakulia mara moja tu, naye huijenga sahani yake kama fundi ajengaye nyumba ya ghorofa: chini viazi na ndizi, juu wali, kando maharage, mboga za majani pembeni, na kipande kimoja cha nyama kileleni. Mgeni hucheka. Lakini sahani hiyo, ikijengwa kwa busara, inashinda dawa nyingi. Viazi vya kuchemsha gramu 300 huleta karibu miligramu 1,000 za potasiamu. Kikombe cha maharage yaliyoiva kama 650. Upawa mdogo wa dodo kama 400. Nusu ya parachichi kubwa karibu 480. Jumla ni zaidi ya 2,500 kwa mlo mmoja. Yule aliyejaza wali peke yake, gramu 300 hizo hizo, amepata kiasi cha miligramu 100 tu. Wali si adui, ila hauwezi kukaa mahali pa viazi.

Hapa sharti litajwe jambo linaloharibu hesabu hiyo nzuri, nalo ni upishi. Potasiamu huyeyuka katika maji. Kiazi kikimenywa, kikakatwa vipande vidogo, kikachemshwa katika maji mengi ambayo kisha yanamwagwa, karibu nusu ya madini yaweza kuondoka na maji hayo. Kikichemshwa kizima na ganda lake hubakiza sehemu kubwa. Mchicha wa kuchemsha na kukamuliwa huwa umenyang'anywa vile vile. Agatogo, yaani ndizi zilizopikwa pamoja na mboga na nyama katika chungu kimoja na kuliwa na mchuzi wake, haipotezi kitu. Kisamvu, au isombe, ni shauri jingine: majani ya muhogo yana sumu ya sianidi, na lazima yatwangwe na kuchemshwa muda mrefu chungu kikiwa wazi. Usalama hapo unatangulia madini.

Upungufu mkubwa wa potasiamu aghalabu hauletwi na chakula peke yake. Huletwa na kuhara na kutapika, au na vidonge vya shinikizo la damu vile vinavyoongeza mkojo. Mtu hulegea, misuli humkaza, choo humwia kigumu, na moyo hupiga ovyo. Ndiyo sababu dawa ya chumvi na sukari itolewayo zahanati kwa mtoto anayehara hutiwa potasiamu pia, na ndiyo sababu pakiti ya zahanati ni bora kuliko mchanganyiko wa nyumbani.

Lakini katika nyumba moja, penye chungu kimoja, yaweza kukutana haja mbili zinazopingana. Kijana aliye kazini atafaidika na viazi na parachichi. Baba yake, askari mstaafu ambaye figo zake zimechoka kwa miaka mingi ya shinikizo la damu au kisukari, chakula hicho hicho chaweza kumwua. Figo nzima hutoa potasiamu iliyozidi. Figo mbovu huiacha ijae katika damu mpaka moyo usimame, pengine bila dalili ya kutangulia. Mgonjwa wa namna hiyo huelekezwa na daktari amenye viazi, avikate vidogo, avichemshe na kumwaga maji, yaani afanye kwa makusudi lile ambalo wengine wanakatazwa. Chumvi za badala zinazouzwa kuwa ni nzuri kwa shinikizo la damu mara nyingi ni potasiamu tupu. Mwenye ugonjwa wa figo asiziguse, na anayemeza dawa za moyo aulize kwanza. Vidonge vya potasiamu havinunuliwi kwa kubahatisha dukani. Kipimo cha damu ndicho kiamuacho, nacho hufanywa katika hospitali kubwa, kama ile ya jeshi iliyopo Kanombe, karibu na uwanja wa ndege, ambayo hupokea raia pia.

Jioni, kabla basi la safari ndefu halijaondoka, wasafiri wengi husimama katika vilabu vya maziwa, ambavyo vimetapakaa Kigali kama vilabu vya kahawa Zanzibar. Huko huuzwa ikivuguto, maziwa ya mgando mazito na baridi, katika vikombe vikubwa. Nusu lita ina miligramu 750 za potasiamu. Mtu aliyekula ile sahani ya mchana, na imineke moja au mbili baadaye, akimaliza kikombe hicho amekwisha kupita zile 3,510, bila ya kununua kitu kisichouzwa na mama wa sokoni au mwenye maziwa.