Kipindi Kisicho na Maksi

Nilianza kufundisha Kiingereza wakati sekondari za kata zinaota kila upande, mwaka 2006 na kuendelea. Swali nililoulizwa kuliko yote ni hili: "Madam, hii itatoka kwenye mtihani?" Sikuwalaumu. Mtoto amesoma hesabu, sayansi na historia kwa Kiswahili hadi darasa la saba; akiingia kidato cha kwanza anapewa wiki chache za maandalizi, kisha karibu kila somo ni kwa Kiingereza. Atafanya nini zaidi ya kukariri nondo za ubaoni? Vitabu vya hadithi tulikuwa navyo, ila vilifungiwa kabatini ofisini visipotee. Kweli havikupotea, wala havikusomwa.

Niliomba ufunguo, nikasainishwa. Ijumaa, kwenye vipindi viwili vya mfululizo, nikatenga dakika 20 za mwisho za kusoma vitabu hivyo. Chagua mwenyewe, kikikuchosha rudisha, hakuna muhtasari, hakuna maswali ya ufahamu, hakuna maksi. Nami nilikaa mbele nikisoma changu. Mwalimu wa taaluma alipita dirishani, akaniuliza kama naumwa.

Mwanzoni wanafunzi walitega. Kijana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye Jumamosi alipiga debe stendi, alikuwa akifungua ukurasa wa katikati na kusinzia. Nikamsogezea Hawa the Bus Driver cha Richard Mabala, kitabu chembamba, Kiingereza chepesi, habari za mwanamke dereva wa basi. Sikumsifia kitabu, nilimwambia tu humo mna basi. Alisoma kwa kidole, midomo ikicheza. Neno asilolijua aliliruka, na mimi, niliyefundishwa chuoni kwamba kamusi haiachwi, nikanyamaza. Kengele ilipogongwa hakunyanyuka.

"Madam, naondoka nacho."

Hakuniomba. Alinitaarifu.

Wapo waliomaliza kidato cha nne bila kumaliza hata kitabu kimoja. Hao walikimbilia vijitabu vya uchambuzi wa vitabu vya mtihani. Passed Like a Shadow cha Bernard Mapalala ni kifupi, mwanafunzi angeweza kukimaliza mwenyewe; lakini mtaani anauziwa wahusika na dhamira vikiwa tayari, anakariri, anajibu swali, anafaulu. Darasani kwangu nilivipiga marufuku vijitabu hivyo, na baadhi ya wazazi wakaja juu kwamba nawafelisha watoto wao. Walikuwa na hoja. Watunga mitihani ndio wenye uwezo wa kuimaliza biashara hiyo: waulize swali ambalo kijitabu hakiwezi kulijibu.