Maua ya Maboga

Tunaandika haya kwa sababu ya hubiri moja tulilolitoa wenyewe, ambalo mpaka leo tunalijutia.

Nyuma ya nyumba ya mchungaji tulikuwa na mashina sita ya maboga. Masika yale yalitambaa hadi kwenye uzio, yakachanua maua ya manjano kila asubuhi, na maua yale yakanyauka na kuanguka. Boga halikuonekana hata moja. Jumapili tulipofikia mtini usiozaa, Luka 13, tukaona mfano tunao tayari. Tukasema mimbarini kwamba wako watu kama maboga yetu, maua tele, tunda hakuna, asiyezaa ajichunguze. Tulimaanisha imani na matendo. Lakini kwenye kwaya alikuwapo mama mmoja aliyekaa kwenye ndoa miaka kumi na mmoja bila mtoto. Jumapili iliyofuata hakuja, wala ile ya pili.

Bwana shamba mmoja, msharika wetu, alitufuata nyumbani. Hakutulaumu, aliomba tu kuyaona hayo maboga. Akachuma ua, akalipasua kwa kidole. "Baba Mchungaji, hili ni dume. Kazi yake ni kutoa chavua, kuzaa siyo kazi yake." Ua jike, akasema, huwa na kiboga kidogo chini yake hata kabla ya kuchanua. Kwa kawaida maboga hutanguliza madume, majike yakafuata.

Tuliyoyasoma baadaye yalitushangaza zaidi. Kwa matango, ndugu wa karibu wa maboga, kila ua likiwa changa kabisa lina mwanzo wa sehemu zote mbili, ya kiume na ya kike. Kisha moja husimama kukua. Wanaoamua ni homoni za mmea, kwa kusukumana. Jiberelini ikizidi, madume huwa mengi. Ethilini ikizidi, majike. Auksini nayo huuchochea mmea utengeneze ethilini, hivyo huegemea upande wa majike. Na ethilini si kitu kigeni kwetu: ni gesi ileile inayotoka kwenye ndizi zinazoiva, ndiyo maana ndizi tulizozivundika huiva pamoja. Joto na urefu wa mchana vina sauti humo pia. Hata samadi: ikizidi, alituambia bwana shamba akicheka, utakula majani.

Wala homoni moja haina kazi moja popote. Kwenye mahindi, jiberelini ileile inayoongeza madume kwenye matango ndiyo inayozuia sehemu za kiume zisikue kwenye gunzi, na mbelewele inabaki na udume wake huko juu. Chuo cha theolojia kilitufundisha kukiri kwamba Mungu ni Muumba, na tulikiri kwa dhati. Ila tulikuwa tunahukumu mashina sita bila kujua kinachoendelea ndani ya ua moja. Tukarudi kwenye Luka. Yule mtunza shamba haulaumu mtini. Anaomba mwaka mmoja zaidi, apalilie na kutia samadi.

Tukaenda kwa yule mama, sisi na mama mchungaji. Alitupa viti, akatupikia chai. Tulikuwa tumejiandaa kumsimulia habari za majike yanayochelewa. Tulipoanza, akatukatiza kwa upole: "Baba, usiniambie zamu yangu inakuja. Na isipokuja?"

Hatukuwa na jibu. Ua lile tulikuwa tumelibeba kama tulivyoubeba mtini, tumtwishe tena. Tukamwomba radhi. Akasema amesamehe, lakini watu walimtazama siku ile, na sisi tulisemea mimbarini, siyo sebuleni kwake.

Jumapili iliyofuata tulisimama palepale mimbarini, bila kumtaja, tukasema kwamba tulikosea: kwamba tulilitumia neno la Mungu kupima matumbo ya watu, na kwamba hata kuhusu maboga hatukuwa tunajua tulichokisema. Kanisa lilikuwa kimya. Mzee mmoja wa kanisa hakupendezwa. Aliona mchungaji hapaswi kujishusha hivyo.

Mama yule alirejea wiki tatu baadaye, akakaa nyuma. Kwenye kwaya bado hajarudi. Baada ya ibada alipita bustanini na mama mchungaji, wakachuma majani na maua dume. Kwao, alisema, huyapika pamoja.