Mbao ama Chuma? Uliza Mchwa Kwanza

Wacha niseme hivi kabla mtu hajanitumia tena ile video ya Mmarekani anayejenga keja kwa fremu ya chuma: yule jamaa hajengi Joska.

Mathe anajenga. Vyumba viwili, mabati nje, jipsamu ndani, kwa ploti yake mwenyewe upande wa Kangundo Road. Udongo wa pale ni ule mweusi unaovimba mvua ikija na kupasuka kiangazi, ndiyo maana anataka nyumba nyepesi. Pesa ni zake za chama na zangu za kontenti, na nyuma ya hizo hakuna zingine. Niliacha chuo mwaka wa pili na kozi yenyewe haikuwa hata ya ujenzi, lakini mimi ndiye mtoto wa kwanza, so fremu ni kazi yangu.

Mafundi wawili wamekuja kupima. Mmoja ni mzee wa mbao, anamwita mathe "mama" na kuongea polepole kama pasta. Mwingine ni kijana wa rika yangu, huchomelea mageti, anamwita "mathe" kama mimi. Kila mmoja anaamini mwenzake ni mwizi.

Kuhusu hao Wamarekani: nyumba nyingi za familia kule bado husimama kwa mbao. Fremu ya chuma utaipata zaidi kwa ofisi na maghorofa. Na chuma chao ni bati jembamba lililokunjwa kama herufi C, limepakwa zinki, linaungwa kwa skrubu. Chuma cha kijana wetu ni paipu ya mraba inayounganishwa kwa moto. Hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa. Ukichomelea, joto linaunguza zinki ama rangi pale pale kwenye kiungo, na hapo ndipo kutu huanzia. Asipopaka rangi ya kuzuia kutu vizuri, ama maji yakiingia ndani ya paipu, itakulika kutoka ndani na wewe huoni kitu. Halafu kuna mchezo wa geji. Namba ikipanda, chuma kinakuwa chembamba. Mtu akikuuzia geji 18 kwa bei ya 16, macho hayatakusaidia. Beba kipimo.

Mbao nazo zina drama yake. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti kwa misitu ya umma, bei ikapanda, na Julai 2023 rais akatangaza marufuku imeisha. Shida ninayoiona mimi kwa yadi ni mbao mbichi. Saiprasi ikiwa bado na maji utaiona imenyooka siku ya kununua. Ikikauka ukutani inajipinda, na jipsamu yako inapasuka kwenye maungio.

Halafu mchwa. Ukishaishi huko utajua hao ndio wenye ploti, sisi ni wapangaji. Mzee alisema atapaka oili chafu, ile ya magari, kama wanavyofanya watu wengi. Oili chafu inakaa juu juu tu. Fundi akishakata mbao kupata urefu anaotaka, ule upande uliokatwa uko wazi, na mchwa hawahitaji mlango mkubwa. Zaidi ya hapo, mimi sitaki ukuta wa nyumba ya mathe uwe umenyweshwa oili.

Hapa nisimame kidogo. Nimekulia Nairobi kwa ploti za mabati, ukuta kwa ukuta, na moto nimeuona. Kitu ambacho watu hawaelewi ni kwamba mabati hayaungui, kinachoungua ni zile mbao 2 kwa 2 nyuma yake. Nyumba ya jirani ikishika, fremu yako inakuwa kuni. Utasikia mtaalamu akisema mbao inastahimili moto kuliko chuma, na hajadanganya: mbao nene hujifunika makaa nje na ndani inabaki imara kwa muda, wakati chuma kikifika karibu nyuzi 600 kimepoteza kama nusu ya nguvu yake. Lakini hiyo ni boriti nene. Kijiti cha inchi mbili hakina "ndani" ya kubaki. Kwa hivyo kama unajenga vyumba vya kukodisha vilivyobanana, mimi nasema chuma, na ukiniletea bei ya mbao nitakuuliza watu wangapi watalala humo.

Stima pia. Mzee alimwambia mathe mbao haipitishi umeme. Sawa mzee, lakini ukuta wenyewe ni bati! Waya ukichubuka ukagusa bati, fremu haitakuokoa. Tunapitisha waya zote ndani ya paipu za plastiki, na nyumba inawekwa waya wa ardhi. Hapo sikubali kupunguziwa hata shilingi.

Sasa ploti ya mathe iko peke yake, jirani wa karibu yuko mbali. Moto wa kuruka ukuta si adui wake mkubwa. Adui ni mchwa na unyevu, na wote wanatoka chini. Kwa hivyo tumekubaliana hivi: msingi wa zege na kozi mbili za mawe, nguzo nne za pembeni za chuma zikizikwa kwenye zege, katikati mbao 3 kwa 2 zilizokauka na kutiwa dawa, zikikaa juu ya mawe bila kugusa udongo. Jikoni kunapata ukuta wa mawe. Kijana hakufurahi, mzee hakufurahi.

Nilipomweleza mathe haya yote, na michoro kwa simu, alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama ukuta wa chuma unaweza kupigiliwa msumari wa kalenda. Nikamwambia hapo utahitaji kutoboa na mashine. Akasema basi katikati iwe mbao.

Chuma cha pembeni kinakuja Jumamosi. Mbao zinafuata wiki ijayo, na mzee ameshaambiwa kila ncha anayokata ichovywe dawa kabla ya msumari. Mathe amesema ataleta kiti chake, akae pale akiangalia.