Mtoto Aliyekuwa Akichuchumaa

Leo sianzi na andiko. Naanza na kosa langu, na wazazi wa mtoto wameniruhusu kulisimulia bila kutaja jina.

Katika shule yetu ya Jumapili kulikuwa na kijana wa miaka mitano. Wenzake wakiimba na kurukaruka mbele ya madhabahu, yeye aliruka kidogo tu kisha akachuchumaa, magoti karibu na kidevu, akihema. Baada ya muda aliinuka akaendelea. Tulicheka. Mwalimu wake alimwita "mzee" kwa sababu ya kupenda kupumzika. Nilimwona akifanya hivyo karibu mwaka mzima, na sikujua ninaangalia nini. Midomo yake ilikuwa kama ya mtoto aliyetoka kula zambarau, nasi tukasema ni baridi ya asubuhi.

Siku moja alilia sana nyumbani mpaka akazirai. Mama yake akamleta kwangu. Alikuwa ameshapewa dawa ya kikohozi mara tatu kwenye kliniki moja, na nyanya mmoja mtaani alikuwa amemwambia ni laana ya ukoo. Nikampaka mtoto mafuta, tukaomba. Hapo sijutii. Ninachojutia ni maneno niliyoongeza: "Mama, usikimbilie Nairobi kwanza. Tumalize siku 21 za kufunga, tuone Mungu atakachofanya." Hayo maneno yalikuwa yangu. Mungu hakunituma niyaseme.

Siku 21 zikawa miezi minne. Baada ya mfungo mtoto alipata wiki mbili nzuri, nikamsimamisha mama mbele akatoa ushuhuda, kanisa likapiga vigelegele. Sasa niambie, mpendwa, mama aliyesimama mbele ya watu wote akasema mtoto wake amepona, atarudije hospitali wiki ya tatu midomo ikigeuka rangi tena? Atamwangaliaje pasta wake? Alikaa kimya. Kimya hicho nilikijenga mimi.

Aliyetufungua macho ni muuguzi, mshirika wetu. Baada ya ibada alimwekea mtoto kile kifaa kidogo kinachobana kidole kupima oksijeni. Kikasoma 74. Mtoto mwenye afya huku kwetu husoma 95 kwenda juu. Hakunibishia mbele ya watu. Aliniita kando, karibu na tangi la maji, akasema, "Pasta, huyu hahitaji daktari tu. Anahitaji daktari wa moyo wa watoto."

Chuo cha Biblia walinifundisha mengi kuhusu moyo, lakini hawakunifundisha kwamba una vyumba vinne. Nilijifunza nikiwa na miaka arobaini na kitu, mbele ya daktari aliyenichorea nyuma ya karatasi ya maabara. Ugonjwa wenyewe unaitwa Tetralojia ya Fallot, kwa jina la daktari Mfaransa aliyeueleza mwaka 1888. Ni kasoro nne pamoja. Kuna tundu kati ya vyumba viwili vya chini. Njia ya damu kwenda mapafuni ni nyembamba. Mshipa mkubwa wa kupeleka damu mwilini umekaa juu ya lile tundu, na ukuta wa chumba cha kulia umekuwa mnene kwa kusukuma kwa nguvu. Basi damu ambayo haijapitia mapafuni inachanganyika na iliyopitia, na mwili unapelekewa damu yenye oksijeni kidogo. Mtoto akichuchumaa, mishipa ya miguu inabanwa, na damu zaidi inalazimika kwenda mapafuni. Yaani yule kijana alikuwa akijitibu, pale mbele ya madhabahu, kwa akili ambayo hakuna aliyemfundisha. Sisi tulikuwa tukicheka.

Ugonjwa huu si hukumu ya kifo. Upasuaji wa kwanza wa kuwasaidia watoto hawa ulifanyika Novemba 1944 huko Baltimore, Marekani. Wazo lilikuwa la Dkt. Helen Taussig, mwanamke ambaye masikio yake yalikuwa mazito kiasi kwamba alijizoeza kuusoma moyo wa mtoto kwa viganja. Aliyeshika kisu ni Dkt. Alfred Blalock, na nyuma yake alisimama Vivien Thomas, fundi wa maabara, mtu mweusi asiyekuwa na digrii, akimwelekeza, kwa maana yeye ndiye aliyekuwa ameifanyia kazi mbinu ile maabarani. Leo madaktari hufungua moyo wenyewe, wakaziba tundu na kupanua njia. Nchi zenye uwezo mara nyingi hufanya hivyo kabla mtoto hajatimiza mwaka. Wetu alikuwa na mitano, na minne kati ya miezi hiyo ni deni langu.

Kutafuta kwenyewe hakukuwa rahisi. Tuliondoka Wang'uru saa kumi alfajiri, tukapitia Makutano, tukafika Nairobi mapema, tukapanga foleni, tukalipa, tukaambiwa kwa upole kwamba daktari yule ni wa moyo wa watu wazima. Safari ya pili tulifika siku ambayo si ya kliniki. Wakati huo wazee wa kanisa walikuwa tayari wanataka kuchapisha bango lenye picha ya mtoto na namba ya paybill, "Peleka Mtoto India." Huku kwetu mtu akisikia moyo anasikia India. Hakuna aliyekuwa ameuliza kama upasuaji huu unafanyika Kenya. Unafanyika. Watoto wa moyo huhudumiwa Kenyatta, na Mater, ambako zile mbio za Heart Run zimekuwa zikichangisha fedha za upasuaji wa watoto tangu miaka ya 1990. Tenwek kule Bomet, hospitali ya kimisheni, nao hufungua moyo, na kauli yao ni kwamba wao wanatibu, Yesu anaponya. Ningelijua hilo mapema ningelihubiri.

Kwa hiyo kabla ya kupanda gari, piga simu. Uliza kama kuna daktari wa moyo wa watoto na siku zake za kliniki, kama wanafanya upasuaji huo wenyewe au watakutuma kwingine, na SHA italipa kiasi gani na kitakachobaki ni kiasi gani. Beba barua ya rufaa na ripoti ya eko, ile picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti kama wanayopigwa akina mama wajawazito. Nakala zote weka katika faili moja. Harambee ije baada ya hesabu kujulikana. Na SHA ilipe sasa, mavuno ya mpunga yakiingia, kwa maana sisi tusio na mshahara tunalipa ya mwaka mzima, na ugonjwa haungoji mavuno.

Kuna aliyeniuliza kama sasa nimepoza imani. Soma Isaya 38. Hezekia alikuwa ameshaahidiwa na Mungu miaka 15. Neno lilikuwa limetoka. Na bado nabii yuleyule akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Isaya hakuona aibu kuagiza dawa baada ya unabii. Mimi niliona.

Mtoto alipasuliwa. Anaruka. Lakini atamwona daktari wa moyo maisha yake yote, hata akiwa na ndevu, kwa sababu moyo uliotengenezwa hivi unaweza kuvuja miaka mingi baadaye. Daktari wa meno naye ataambiwa kabla ya kung'oa jino, kwa maana vijidudu vya kinywani vinaweza kufika moyoni. Nimekataza mtu yeyote kanisani kumwambia mama huyu aache kliniki kwa jina la imani. Ushuhuda wake ukitolewa tena, atautoa na kadi ya kliniki mkononi.

Kliniki ijayo ni mwezi ujao. Gari limepatikana, linalobaki ni mtu wa kukaa na wadogo zake kutwa nzima. Ukiweza, mwambie mama mchungaji. Nawe mzazi ambaye mtoto wako anachuchumaa akicheza, au ulimi na kucha vinageuka rangi anapolia: akipatwa na hali hiyo mkunje magoti hadi kifuani, na umkimbize hospitali iliyo karibu. Halafu nitumie ujumbe, hata usiku. Tutaomba, na simu ya hospitali nitaipiga ukiwa umekaa hapo karibu nami.

Pasta wenu, Wang'uru.