Chupa moja iliyopotea

NILIPOKUWA na umri wa miaka tisa, nilimtia mama yangu hasara ya chupa moja ya soda. Hasara hiyo sijaisahau hadi leo.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mama alikuwa na kioski mtaani Kariobangi, Nairobi, na wateja walimwita Mama Soda. Sheria yake ilikuwa moja tu: unywe hapo hapo, ama uache pesa za chupa. Jioni moja aliniachia kioski akaenda kuteka maji. Akaja kijana mmoja, akataka soda baridi akainywe nyumbani, eti chupa angeirudisha baada ya dakika tano. Nikampa. Kijana akaenda zake, na chupa ikaenda naye.

Kesho yake mzee wa mkokoteni alipoleta soda, alihesabu chupa tupu. Kreti ina nafasi 24. Yeye akapata 23.

"Mama Soda, hapa pana pengo," akasema.

Mama hakubisha. Alilipia chupa hiyo kwa pesa alizoweka za unga, na usiku huo tukalalia uji. Hakunichapa. Alinikalisha tu akaniambia: "Soda ni ya mteja, lakini chupa si yake wala si yetu. Ukiipoteza chupa, umepoteza biashara."

Maneno hayo niliyaelewa miaka mingi baadaye, nilipokuwa mwandishi na kuanza kusoma jinsi kampuni za soda zilivyokua. Coca-Cola, kwa mfano, ilianzia Atlanta, Marekani, mwaka 1886, kwa mfamasia John Pemberton. Glasi iliuzwa senti 5, na mwaka huo wa kwanza ziliuzwa glasi tisa hivi kwa siku. Naam, tisa! Mama, siku ya jua kali, alimaliza kreti nzima kabla ya adhuhuri.

Ni nini basi kilichoikuza? Ni chupa. Mwaka 1899 mawakili wawili wa Chattanooga, Benjamin Thomas na Joseph Whitehead, walimwendea mwenye kampuni, Asa Candler, wakaomba haki ya kukitia kinywaji hicho chupani. Candler hakuona faida kubwa katika chupa. Akawapa haki hiyo kwa dola 1 tu. Mawakili hao wakaigawa nchi vipande vipande, na kila kipande kikapata mwenyeji wa kununua mashine, chupa na magari kwa pesa zake mwenyewe. Kampuni ikabaki na siri yake ya mchanganyiko. Mzigo ukabebwa na wengine.

Mtindo huo ndio ulioifikisha Kenya mwaka 1948. Kule Port Elizabeth, Afrika Kusini, familia ya Gutsche ilikuwa imeanza kutia soda chupani mwaka 1940. Kampuni yao, Sabco, ilivuka mipaka katika miaka ya 1990, ikaingia hata katika Nairobi Bottlers. Mwaka 2016 iliungana na biashara ya soda ya SABMiller, ikazaliwa Coca-Cola Beverages Africa. Nayo Oktoba 2025, Coca-Cola HBC, kampuni yenye asili ya Ugiriki, ikatangaza makubaliano ya kununua asilimia 75 ya hisa zake kwa dola bilioni 2.6.

Lakini mabilioni hayo hupita vichochoroni. Mjini Addis Ababa, mwaka 1999, Sabco ilianza kutumia maghala madogo ya wenyeji, kreti zikasukumwa kwa mikokoteni pale ambapo lori halipiti. Mtindo huo ulienea Afrika Mashariki. Kidole kimoja hakivunji chawa: kiwanda kina mashine, mzee ana mkokoteni, naye mama wa kioski ana chupa tupu. Kila mmoja ameweka chake.

Cha Mama nilikiona nilipoitwa Kidato cha Kwanza. Karo haikuwepo. Alikusanya kreti zake zote na chupa zake, akamuuzia mwenye duka wa mtaa wa pili. Nikaenda shule. Kioski kikabaki na unga, sukari na mafuta ya taa, lakini wateja hawakuacha kumwita Mama Soda.

Juzi nilimpelekea soda ya chupa ya plastiki. Alipomaliza kunywa, aliiosha chupa, akaisimamisha rafuni.

"Mama, hiyo hairudishwi," nikamwambia.

"Najua," akajibu. "Lakini mwanangu, kitu kilichokusomesha huwezi kukitupa mtaroni."

Msomaji, ukipita kwenye kioski leo, tazama kreti tupu iliyo mlangoni. Usidhani ni takataka. Huenda ni karo ya mtoto.